Makufuli Manne ya Wakili Natalia

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimekuwa mtaalamu wa usalama wa mtandao. Asubuhi nilikuwa bado mtu wa fotokopi.

Ilikuwa hivi. Aliingia dukani dada mmoja wa Kimasai, Nailantei, katibu wa kikundi cha wafugaji wa Soitsambu. Yuko Karatu kwa dada yake, kwa sababu kwao mvua zimeanza, jua hakuna, na kompyuta ya kikundi inategemea umeme wa jua. Akauliza kama hapa mjini kuna mtu anayejua kutuma baruapepe iliyofungwa, ambayo hata ikidakwa njiani haisomeki. Nilipaswa kusema sijui. Nikasema yupo, ndiye unayemtazama.

Shida yao ni kubwa. Kuna jamaa kaweka uzio kwenye njia ya ng'ombe kwenda kisimani. Kesi itasikilizwa Loliondo, baraza la ardhi, Alhamisi ya wiki ijayo. Mashahidi wameandika maelezo, ila wanaogopa majina yao yasije yakajulikana mapema. Mara ya mwisho bahasha ilipelekwa kwa mkono. Ikapitia baa. Kabla haijafika kwa wakili ilishasomwa na meza nzima, na shahidi mmoja akajitoa. Sasa wakili wao, Natalia, yuko Mwanza kwenye kesi nyingine na atakwenda Loliondo moja kwa moja. Kasema hapokei maelezo isipokuwa kwa baruapepe iliyofungwa. Asipoyapata, hana la kusema barazani, na ng'ombe wa Soitsambu wataendelea kuzunguka mbali kutafuta maji.

Nikamwambia Nailantei aje kesho. Nikatazama video moja. Nikaelewa yote. Ni mambo ya makufuli tu! Wakili anagawa makufuli yake yakiwa wazi, yametundikwa kwenye kabati la mtandaoni ambalo kila mtu anafikia. Ukitaka kumtumia siri, unachukua kufuli lake, unabana sanduku. Ufunguo anao yeye peke yake. Hata wewe uliyebana huwezi kufungua. Mtoto wa chekechea angeelewa.

Kwa mazoezi nikatengeneza kufuli moja. Programu ikataka jina la mwenye nalo. Ningeweka langu, Ignas Sulle, lakini jina hilo halina uzito. Nikaandika Wakili Natalia, na anwani yake, nione linavyokaa. Likakaa vizuri sana. Programu ikauliza kama nilitundike kwenye kabati la wazi. Nikabonyeza ndiyo, maana mtaalamu habonyezi hapana.

Nitalifuta kesho.

Lucas wa duka la ng'ambo ya barabara kanunua mashine ya laminesheni. Nimemwona akilaminisha kalenda. Sina kinyongo naye.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimevaa tai. Edna, mke wangu, ambaye cherehani yake iko humu humu dukani, aliuliza kama kuna msiba.

Nailantei alikuja na maelezo ya mashahidi. Nikayapiga skana. Nikaandika jina la wakili kwenye programu, na hapo yakatokea makufuli manne. Jina lile lile. Anwani ile ile. Kila moja limefuatiwa na mstari mrefu wa tarakimu na herufi usio na mbele wala nyuma.

Nailantei akauliza lipi ni la wakili. Swali hilo halikuwemo kwenye video. Nikakohoa. Nikamweleza kwamba kwenye teknolojia kipya ndicho bora, kama simu. Kufuli jipya kuliko yote lilikuwa jipya kwelikweli, la wiki hii. Nikasema wakili huyu anaonekana ni mwangalifu, anabadilisha kufuli mara kwa mara. Nailantei akauliza kama hakuna namna ya kumuuliza mwenyewe. Nikasema kuuliza kunaonyesha ugeni.

Tukaanza na maelezo ya shahidi wa kwanza, mama yake mkubwa Nailantei. Nikabana kufuli. Nikatuma. Nikanyoosha tai.

Kuna kitu nilipanga kufanya leo nimekisahau. Edna anasema ni bati linalovuja. Siyo hilo.

Jumatano, tarehe 5 Machi. Majivu

Wakili amejibu. Hawezi kufungua. Anasema sanduku limebanwa kwa kufuli ambalo si lake, na anauliza tumelitoa wapi. Halafu akaongeza jambo lililonikata maini: tusiliamini kufuli lolote atakalolitaja kwa baruapepe, kwa sababu aliyetengeneza kufuli kwa jina lake anaweza pia kuandika barua kwa jina lake. Tumpigie simu Jumamosi, siku asiyo na mahakama, atusomee tarakimu kwa mdomo wake.

Kwa hiyo kuna mtu. Kuna mtu mbaya, hodari, mwenye ufunguo wa sanduku lenye jina la mama mkubwa.

Nailantei hakunilaumu. Alikaa kwenye benchi la wateja, akavingirisha ncha ya shuka kidoleni, akaifungua, akavingirisha tena. Akasema mama mkubwa ndiye aliyewashawishi wengine wote kuandika. Akijitoa yeye, wanajitoa wote. Niliumia moyoni. Nilitamani Lucas awe amemhudumia yeye.

Jioni Edna, akiwa na jivu kwenye paji la uso, akashauri Kwaresima hii nifunge kubuni mambo. Nikamwambia nimeshaamua kufunga sukari.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Siwezi kungoja Jumamosi. Mtaalamu hangoji simu.

Mpango: Cheti cha Kufuli Halali. Karatasi nzito, nembo ya simba, nafasi ya tarakimu, na muhuri wangu. Mtu akija na cheti changu, kila mmoja anajua kufuli lake ni la kweli. Nikachapisha vyeti kadhaa, nikavitundika mlangoni saa tatu. Mteja wa kwanza alitaka cheti cha geti la gesti yake. Nikampa.

Saa sita Lucas alikuwa na vyeti vile vile. Vyake vina simba wawili, na vimelaminishwa. Nikamtuma mtu akaombe cheti kwa jina la Wakili Natalia. Lucas akampa bila kuuliza swali hata moja. Nilikasirika sana, kisha nikakumbuka kwamba mimi pia sikumuuliza swali yule wa gesti.

Nimeondoa vyeti mlangoni. Nimesema ni kwa sababu ya mvua.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mnada. Na video ya pili.

Kumbe kuna kitu kinaitwa kudhamini. Mtu anayekufahamu anaweka alama yake kwenye kufuli lako, kusema namjua huyu, hili ni lake. Anayemwamini yule mdhamini, akifungua programu, analiona kufuli limegeuka kijani. Ni kama posa. Huendi mwenyewe kujisifu ukweni, unamtuma mshenga. Karatu nzima haina mshenga wa makufuli. Nani mwingine anaijua Karatu kama mimi, niliyempiga picha za pasipoti kila mtu mwenye sura?

Nikaweka meza mnadani, kati ya mitumba na nyama choma. Ijumaa ya Kwaresima. Mateso ya pua. Wakaja madereva wa watalii, mpishi wa lodge, muuza vitunguu, na mtu mmoja asiye na simu. Nikawadhamini wote. Wengine sikuwafahamu, lakini walikuwa na nyuso za watu wema. Kufika mchana nilikuwa mdhamini mkubwa kuliko wote wilayani. Nilihisi joto la heshima.

Nailantei akaja na Mzee Mepukori, mwenyekiti wa kikundi, aliyeshuka na ng'ombe wa kuuza. Nikamwamkia. Nikafungua kompyuta kuwaonyesha makufuli ya wakili. Yote manne yalikuwa kijani. Niliyadhamini yote asubuhi. Kukataa matatu niliona ni kumvunjia wakili heshima.

Nailantei aliyahesabu kwa kidole. Kisha akauliza, kwa upole ule unaotumika kwa mgonjwa, kijani nne zinamsaidiaje kuchagua. Mzee akauliza kama nimewahi kumwona huyo wakili ninayemdhamini. Nikajibu kwamba kwa macho bado. Mzee akasema kwa Kimasai maneno machache. Nikaomba tafsiri. Nailantei akasema ameuliza kama nimekula.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Simu imepigwa. Ilichukua asubuhi nzima, na vocha yangu yote.

Mimi nilitaka tarakimu. Mzee Mepukori alitaka habari. Aliishika simu kwa mikono miwili akaanza: habari za safari, habari za Mwanza, habari za mama yake wakili, mvua huko, mvua huku, na yule ndama mgonjwa. Nikamwonyesha saa ya ukutani. Akaiangalia, akaisifu, akaendelea. Kila akisema neno moja alitaja "Paker", na sauti ya kule ikamjibu "Paker", na wote wawili wakacheka. Nikadhani ndilo jina la ndama.

Nailantei akanieleza. Kwao, mtu akikupa mnyama, jina la kuitana linabadilika. Kondoo ni *enker*. Mzee alimpa wakili kondoo miaka ile aliposhinda kesi ya lambo, na tangu siku hiyo hawaitani tena majina yao. Yeye ni Paker kwa wakili, na wakili ni Paker kwake. Hakuna mwingine anayeruhusiwa. Mtu akija na jina la Natalia tu, Mzee hamjui. Natalia wako wengi.

Mzee aliporidhika kwamba anaongea na Paker wake, alimpa Nailantei simu. Wakili akasoma tarakimu moja moja, Nailantei akafuatisha kwa kidole kwenye kioo. Kufuli la tatu! Zikalingana mwanzo hadi mwisho. Pale kwenye programu kuna nafasi ndogo ya kuandika jina unalomwita mtu wewe mwenyewe. Nimeiona mara nyingi, nikadhani ni pambo. Nailantei akaandika humo: Paker. Akaandika jina la wakili upya kama anaanza barua. Yakatokea makufuli manne, matatu ni Natalia tu, na moja limesimama juu kabisa, Paker. Hata mimi ningelichagua hilo.

Nilifurahi hadi nikasahau kwamba wazo si langu.

Lakini kuna baya. Wakili alipoulizwa kuhusu mengine, akasema la kwanza lilikwisha muda, la pili ni la kompyuta iliyoibwa na alishatangaza lisitumike. La nne halijui. Hajawahi kulitengeneza. Nailantei akazima tabasamu. Mama mkubwa ametuma ujumbe kutoka Soitsambu: hadi ajulikane ni nani anayesoma maneno yake, yeye hatasimama barazani, na wenzake wasitume chochote. Mzee amekubaliana naye.

Najua ni nani. Ana mashine ya laminesheni.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimemkabili Lucas mbele ya kanisa baada ya misa ya kwanza. Mbele ya kwaya.

Nikamwambia amuogope Mungu. Nikamwambia kuna mama mzima huko Soitsambu hali wala halali kwa sababu yake. Nikamtaka autoe ufunguo. Lucas akatoa funguo zake za pikipiki. Nikasema siyo huo. Akauliza ni upi basi. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo ilivyoonekana kwamba Lucas hajui kufuli la baruapepe ni kitu gani, na kwamba vyeti vyake vyote alivinakili kwangu bila kuelewa neno. Akaniomba nimfundishe. Wanakwaya wakasema ni ombi zuri. Nikakubali, kwa uchungu.

Nikarudi dukani. Edna alikuwa amekaa kwenye kompyuta na Nailantei. Edna hajawahi kuigusa hiyo kompyuta isipokuwa kuifuta vumbi. Akaniita Baba Nelson, jina analotumia nikiwa nimekosa. Akaniuliza kwa nini programu inaonyesha orodha mbili, moja ya makufuli ya watu na moja ya makufuli ya mwenye kompyuta hii, yaani yale ambayo ufunguo wake umo humu humu. Nikasema ni kawaida. Akaniuliza kwa nini kwenye ile ya mwenye kompyuta yumo Wakili Natalia. Tangu Jumatatu, tarehe tatu.

Bati lilidondosha tone.

Nikakumbuka kile kitu nilichosahau kufanya Jumanne.

Nailantei aliniangalia. Nikadhani ataninyanyua na kunitupa barabarani, na kwa urefu wake angeweza. Badala yake akafunika uso kwa shuka, mabega yakaanza kutikisika. Nikaogopa analia. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi akashika meza. Hakuna adui. Hakuna mtu hodari. Aliyekuwa na ufunguo wa siri ya mama mkubwa wiki nzima ni mimi, na mimi hata sikujua pa kuuweka. Akampigia mama mkubwa, akaeleza kwa Kimasai. Kwenye simu nikasikia kikongwe kinacheka na jina langu likirudiwa rudiwa. Wamenifahamu Soitsambu.

Mama mkubwa amekubali kusimama. Moyo wangu umetulia kama mtu aliyetua gunia.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimelifuta lile kufuli kwenye kompyuta. Edna alisimama nyuma yangu. Ikabidi pia kutangaza kwenye kabati la wazi kwamba halitumiki, na dhamana zangu za mnadani kuziondoa moja moja. Ilikuwa kazi. Yule asiye na simu nilimwacha.

Kisha maelezo yote yakabanwa kwa kufuli la Paker. Nailantei alibonyeza mwenyewe, mimi nikiwa nimekalishwa kwenye benchi la wateja. Kabla chai haijapoa wakili akajibu: yamefunguka yote, yanasomeka, na anamsalimu Paker. Nailantei akasoma jibu mara mbili. Kisha akanipa mkono. Sikustahili, lakini nimeupokea.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Siku nzima sikupiga fotokopi hata moja iliyonyooka. Edna naye alikuwa akishona mfuko mahali pa kola.

Jioni Nailantei akapiga kutoka Loliondo. Kulikuwa na upepo na kelele nyuma yake. Mashahidi wote walisimama, mama mkubwa wa kwanza. Yule jamaa mwenye uzio alishangaa kila jina, maana hakujua hata moja. Kesi haijaisha, lakini baraza limeamuru uzio ufunguliwe na njia ibaki wazi mpaka hukumu. Kesho asubuhi ng'ombe wanapita.

Nikamwambia Edna. Akajifuta macho kwa kitambaa cha mteja. Mimi nilitoka nje kidogo, kuangalia hali ya hewa.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Habari kubwa. Vikundi vingine vya wafugaji vimesikia, na vinataka kujifunza. Nailantei atafundisha. Kanialika Soitsambu wiki ijayo. Amesema kazi yangu itakuwa kukaa mbele na kusimulia yaliyonipata, bila kuruka kitu, watu wajue yanavyotokea. Kwa maneno mengine, mgeni rasmi.

Edna anasema nimejifunza somo. Ni kweli. Nimeyatafakari kwa utulivu, na nimeona kosa langu liko wapi. Kosa lilikuwa lile jina dogo. Sikuliandika! Kufuli lenye jina la kupeana mnyama halina mashaka. Kwa hiyo nimebuni Huduma ya Paker: mteja analeta kufuli lake, mimi naliandika Paker, kwisha. Kondoo si lazima. Nimetafuta picha ya kondoo, na Lucas ameshakubali kuilaminisha. Amekuwa mwanafunzi mzuri, haulizi maswali.

Ila sitaki kuonekana mgeni mbele ya wenyeji. Nimefanya mazoezi kidogo jioni hii, Edna alipokwenda sokoni. Kufuli moja tu, kwa jina la Mzee Mepukori, maana lina uzito. Kwenye nafasi ndogo nimeandika Paker. Linapendeza kuliko lile la kwanza. Programu ikauliza kama nilitundike kwenye kabati la wazi, nikabonyeza ndiyo.

Nitalifuta kesho.